Chumvi Kwenye Bamba la Mwisho

Mimi sina subira, na pale kwenye kituo chetu cha nyota, milimani Nagano, hakuna asiyejua. Siku ya bamba la mwisho ndiyo nilizidi. Lilikuwa limebaki bamba moja tu la kioo la kupigia picha za nyota, pana kama sinia ya chai, na kiwanda kilishaacha kuyatengeneza. Miaka yote nilikuwa nikisaka wingu hafifu la nyota ambalo wenzangu waliapa kwamba halipo. Bamba hilo likiharibika, basi, maneno yao ndiyo yangebaki.

Sasa, kamera ya darubini yetu haitaki bamba lililonyooka. Kioo kizima, chembamba kama ukucha, hupindwa ndani ya fremu mpaka kiwe kama mgongo wa kijiko. Hapo ndipo nyota hutoka kali hadi pembeni. Na kabla ya hapo Mzee Kuwabara, fundi wetu, hulipinda kwanza kwenye kalibu ya chuma. Lenye udhaifu huvunjikia hapo.

"Mzee, leo tuache jaribio," nilimwambia alasiri ile, tukiwa chumba cha giza. "Si unajua ni moja tu?"

"Ndiyo maana."

"Na likivunjika?"

"Likivunjika hapa, utalia wewe. Likivunjikia ndani ya darubini, vigae vikaangukia kioo kikuu, tutalia kituo kizima. Chagua kilio, Daktari."

Nikanuna. Akazima taa. Katika giza totoro nilimsikia akilipeleka bamba mdomoni. Upande wenye dawa ya picha hunata kwenye mdomo, na hakuna njia nyingine ya kuujua. Ukiugeuza, umeharibu picha. Kwa hiyo siku ya kazi Mzee hula wali mtupu, hagusi achari, mdomo ubaki safi. Lakini mchana ule, kabla hatujaingia humo, nilikuwa nimemwona akitafuna kwa wasiwasi plamu za chumvi moja baada ya nyingine.

Kalibu ikaanza kukaza. Kioo kikalia kidogo, na roho ikaniruka.

"Limeshika," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka. Kumbe naye aliogopa.

Usiku ule tulilitia kwenye darubini tukapiga picha, na kesho yake tulilitoa kwenye maji ya dawa ya kusafishia picha. Mbingu ilikuwa imelala juu ya kioo, nyota maelfu kwa maelfu, nyeusi kwa kuwa picha ya bamba hutoka kinyume, kali mpaka ukingoni. Na katikati, wingu langu. Nililia, sioni haya kusema. Mzee hakulitazama wingu hata kidogo. Alikuwa ameinamia kona, palipobaki alama ya mdomo wake na mikunjo yake yote.

"Zile plamu," akasema kwa aibu. "Nimekuchafulia, Daktari. Ikate hiyo kona."

"Nitakukata wewe vidole," nikamjibu. "Iache hivyo hivyo."

Mzee Kuwabara alistaafu mwaka ule, na sasa ni marehemu. Wageni huja kuliona wingu, nami huwaonyesha kwa maringo. Wakishaondoka, mimi huwasha taa tena nikaiangalia kona.