Makofi Yasiyolia

Jumatatu asubuhi, watoto wa shule ya karibu na Nanyala walimpigia Mwalimu Danford magoti, wakakunja viganja kama bakuli na kupiga makofi ya salamu, kama mama zao walivyowafunza tangu wakiwa na meno ya utoto. Makofi hayakulia.

Mwalimu alichokonoa sikio. "Tena," akasema.

Wakapiga tena. Viganja vilikutana kama pamba na pamba. Nje alisikika kuku akiparua.

Habari zilifika kwa Tabita uji ukiwa bado wa moto. Nyumba yake ilikuwa njiani, na aliyepita bila kuingia alikuwa mgonjwa au ana ugomvi naye. Binti yake Lusungu aliporudi, Ferista, wifi wa Tabita, hakumwacha hata atue mzigo.

"Hebu mwamkie bibi yako."

Lusungu akapiga magoti. Pa, pa, pa.

"Na huyo mbuzi."

Pa, pa, pa. Mbuzi akaendelea kutafuna maganda.

"Basi mikono ni mizima," alisema Ferista.

Hakuna aliyeuliza, ikiwa mikono ni mizima, ubovu uko wapi. Walijua. Mvua zilipokolea, Mwalimu Danford alikuwa amewatuma watoto kuvusha kahawa yake ng'ambo ya mto katika kipindi cha Adabu, kama kawaida ya kipindi hicho. Osea, mtoto wa Roda, alimwambia maji yamejaa. Mwalimu akajibu kwamba mtoto mwenye adabu haambiwi mara mbili. Osea alikuwa na adabu. Debe la kahawa lilipatikana kabla ya mwili wake. Wazee waliambiwa mtoto alitoroka kwenda kuogelea, na wenzake walioshuhudia, ingawa majumbani walikwisha kunong'ona, mbele ya wazee wakanyamaza, maana walikwisha kufundishwa kwamba mdogo hamkanushi mkubwa.

"Shule ifundishe kusoma, basi," Ferista alisema. "Adabu tunayo majikoni mwetu."

"Jikoni gani?" bibi akamkatiza. "Hata mimi ningemtuma angekwenda. Nyie wote nimewalea hivyo hivyo."

Ferista akainuka kuzungusha togwa.

Jioni Mwalimu Danford alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama Lusungu, Alhamisi bwana wa elimu anakuja kutoka Mbeya. Anachukua msichana mmoja kwenda shule ya bweni. Nimemtaja wa kwako."

"Ahsante, Mwalimu."

"Lakini yule bwana anatazama adabu kabla ya hesabu. Makofi yasipolia, haendi mtu." Akatoa kibuyu kilichopasuliwa nusu mbili. "Utakaa nyuma ya ukuta wa matete. Wakikunja viganja, wewe gonga. Kanisani nakusikia, mama, mkono wako una mdundo."

Tabita alikipokea kibuyu. Kilikuwa chepesi.

Alijua kitu kimoja ambacho mwalimu hakukijua, kwa sababu Roda alimwambia kisimani. Siku hiyo Roda angekaa uwanjani. Makofi yakikosa sauti, bwana atauliza kulikoni, na akiuliza, yeye atasimama kujibu. Asipoulizwa, mwanamke aanzie wapi kusema mbele ya bwana?

"Wewe niombee aulize tu," Roda alikuwa amesema.

Alhamisi Tabita alichuchumaa nyuma ya matete. Kwenye upenyo alimwona bwana kitini, mkalimani pembeni yake, na Roda chini kwenye majani, kaniki ameifunga vizuri. Lusungu alikuwa mstari wa mbele. Watoto wakapiga magoti. Viganja vikakutana.

Kimya.

Bwana akainua kichwa. Akawatazama watoto mikono, akamgeukia mkalimani, mdomo ukafunguka. Roda akaweka kiganja chini ili ajiinue.

Tabita akagonga.

Pa, pa, pa. Kibuyu kililia vizuri kuliko viganja. Bwana akafunga mdomo, akatabasamu, kisha akasema maneno machache. Mkalimani akayageuza: watoto wa hapa wamelelewa. Roda alirudi kukaa, akajikung'uta majani mkononi, moja moja.

Lusungu akaenda bwenini. Mwalimu Danford alisifiwa, akaongezewa darasa. Kipindi cha Adabu kiliendelea na kahawa iliendelea kuvuka mto. Kila ugeni ulipokuja shuleni Tabita aliitwa, mpaka kibuyu kikapata msumari wake ukutani, karibu na kengele. Wanawake kisimani walibishana kama cha mviringo kingelia zaidi.

Likizo ilipofika, Lusungu alirudi na sanduku la bati. Nyumba ilijaa watu hadi kizingitini. Akamwamkia bibi: pa, pa, pa. Akamwamkia Ferista: pa, pa, pa. Akaja mbele ya mama yake, akapiga magoti, akakunja viganja.

Maharage yalisikika yakitokota jikoni.

Hakuna aliyegeuka. Ferista akaendelea kuuliza kama huko bwenini wanapewa nyama.

"Marahaba, mwanangu," alisema Tabita. "Nenda na kwa Mama Osea ukamwamkie, chakula hakijaiva."

Lusungu akatoka. Muda si mrefu, kutoka ng'ambo, uani kwa Roda, yakaja makofi: pa, pa, pa. Tabita aliyasikiliza mpaka la mwisho, kisha akafunika chungu.