Mbuzi wa Karatasi

"Imeanza?" aliuliza Abubakari, kidole chake kikigonga goti.

"Imeanza," alijibu dada yake. "Subiri kwanza, kaka. Mi niangalie."

Ukutani, katika ukumbi wa makumbusho mjini Gitega, mbuzi wa karatasi alikuwa akitafuna kamba ili aikimbie harusi ambayo yeye ndiye kitoweo chake. Dakika tatu tu, bila sauti. Maonyesho yale yalikusanya filamu fupi za katuni kumi na moja, na hii ndiyo iliyokuwa ya zamani kuliko zote, ya mwaka 1986, nayo ilikuwa imesafishwa hadi ikang'aa. Hidaya, yule dada, aliinama mbele kuitazama. Miguu ile minne aliisogeza yeye, kwa kibano, chumbani kwao Muyinga: unywele mmoja mbele, Abubakari abonyeze kamera, unywele mmoja tena, abonyeze. Miezi saba nzima. Saidi wa Kobero, aliyekwisha kuleta posa, alichoka kungoja akaoa kwingine, na Hidaya hakulia, kwa kuwa siku hiyo mbuzi alikuwa akijifunza kuruka.

Baadaye filamu ilipelekwa Ulaya kuoshwa, ikaonyeshwa mara moja Bujumbura mbele ya wakubwa. Abubakari alikwenda peke yake. Aliporudi alimwambia dada yake, "Pale mwisho iko jina yako, kubwa, chini ya yangu." Hidaya aliishi na maneno hayo miaka thelathini na mitatu. Kaka yake alipopofuka kwa presha ya macho, akawa mtu wa kushikwa mkono na kupakuliwa chakula, kila uchovu ulipomfika kooni aliyakumbuka, akanyamaza.

Sasa mbuzi alipotelea mlimani, ukuta ukawa mweupe, jina likatokea: Abubakari. Hidaya alingoja la pili. Ukuta ukawa mweusi, kisha mbuzi yuleyule akaanza tena kutafuna kamba, maana picha ilikuwa ikijirudia kutwa nzima.

Alimchukia kaka yake. Alimchukia kwa utulivu uliomshangaza mwenyewe, bila hata kuondoa bega lake ubavuni mwake.

"Haya, nieleze," Abubakari alisema. "Mi nimekuja na macho yako."

"Imeoza."

"Imeoza namna gani?"

"Iko madoa tu, kaka. Mbuzi haonekani. Iko kitu kama matope, inatembea."

Nyuma yao watu waliangua kicheko. Mbuzi alikuwa amemkanyaga bwana harusi. Abubakari aligeuza kichwa.

"Wanacheka nini?"

"Wanacheka hayo matope."

Hidaya aliuona uso wa kaka yake ukinywea, na ukatili ule ukamnogea. Akatia chumvi. Akamwambia kwamba vijana wawili wametoka wakitikisa vichwa. Akamwambia kwamba mzungu mmoja anapiga miayo. Hapakuwa na mzungu.

Ndipo alipokuja Bernadette, msichana aliyesimamia maonyesho, na kipaza sauti mkononi, akamwomba mzee awape wageni neno moja. Abubakari aliinuka.

"Jamani, hii kazi msinihesabie mi," alisema. "Mi nilikuwa nabonyeza kamera tu. Karatasi alikata huyu dada yangu. Kusogeza, alisogeza huyu, tangu mwanzo hadi mwisho. Donc, basi, mkitaka mtu wa kuuliza, muulizeni Hidaya."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watu walidhani wameona unyenyekevu wa msanii mkubwa, na mama mmoja alifuta machozi. Maneno ambayo Hidaya aliyangoja tangu ujana wake yalikuwa yamesemwa hadharani, na yalitupwa kwake kama nguo chafu.

"Wanapiga makofi ya nini?" Abubakari alimuuliza Bernadette.

"Ya filamu yenu, mzee. Iko propre, safi kabisa, utasema imefanywa jana. Na mama, jina yake tutaiandika leo leo."

Abubakari aliketi. Makofi yalipokwisha alimgeukia dada yake.

"Hidaya," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ulifika mwisho wa picha, pale pa majina?"

"Nilifika."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakuomba radhi, wala dada yake hakuomba. Kisha alisogea kwenye benchi, mbali na Hidaya, hadi pakapatikana nafasi kati yao, akaipapasa kwa kiganja.

"Mtoto wangu," alimwambia Bernadette, "kaa hapa. We ndio utanieleza picha."

Bernadette alimkabidhi Hidaya kipaza sauti, akaketi, akamwinamia mzee sikioni na kuanza kumweleza. Watu walikuwa wamekwisha kugeuza viti vyao, wakimtazama Hidaya, wakingoja aseme.