Kivuli cha Mwalimu wa Udereva

Afisa wa mpakani aliisogeza pasipoti ya mume karibu na dirisha, akaitazama picha, akamtazama mwenye picha, kisha akainama juu ya kaunta na kuchungulia sakafu nyuma ya miguu ya mume.

"Picha safi sana," alisema. "Nani kapiga?"

"Mimi," alijibu mke.

Ilikuwa ndiyo kazi yake. Alikuwa na studio ya chumba kimoja kando ya duka la viatu, akipiga picha za pasipoti na vitambulisho, na nusu ya kazi hiyo ni kuua vivuli. Picha yenye kivuli nyuma ya kichwa hurudishwa. Wateja wengine aliwawashia taa mbili. Mume wake, kwa sababu ya mapenzi, alimwashia nne, na ukuta ukatoka mweupe kama sahani.

"Basi ndiyo maana," alisema afisa. "Kivuli chake hakimo kwenye picha, kwa hiyo hatukigongei muhuri. Huwa kinapita tu pale pembeni."

Alionyesha kwa kalamu upenyo mdogo kati ya kizuizi na ukuta. Kivuli cha mume kilikuwa kimeshavuka, kimesimama upande wa pili, kinawasubiri.

"Huwa?" aliuliza mke.

Afisa aligonga mihuri miwili na kumwita anayefuata.

Walikuwa wamejipa mapumziko ya kuzunguka polepole kwenye nchi ya mizabibu, kwa kuwa binti yao wa mwisho alikuwa ameshaolewa na nyumba imebaki kimya. Mke alitaka kwenda milimani. Mume ndiye aliyechagua huku. "Mimi sijawahi kukanyaga huko," alisema siku ile, na akalisema tena wakati wa kufunga mizigo, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa kutazama vioo vyote kabla ya kutoka hata kwenye uwanja wake mwenyewe. Aliendesha taratibu kati ya safu za mizabibu zilizopanda na kushuka vilima. Jua lilikuwa mbele yao, na vivuli vya miti, vya nguzo na vya gari lenyewe vililala nyuma, mahali pake. Kivuli cha mume peke yake kilitangulia mbele ya boneti, kwa mwendo wa mtu anayerudi kwake.

Gari likaanza kulia tik-tik.

"Mbona umewasha ishara?" mke aliuliza.

"Tunakata kulia."

"Kulia wapi? Hakuna njia."

Walipozunguka kilima, njia ilikuwepo. Mume akaanza kuzungumzia upepo wa matairi. Mke alimtazama kwa jicho la pembe.

Wafanyakazi waliokuwa wakikata matawi waliinua kofia kusalimia. Hawakulitazama gari, walitazama chini, kwenye lami. "Za tangu juzi!" mmoja alikiambia kivuli.

Hapo mke akakumbuka sebule yao. Kila jioni mume alikuwa kwenye kochi, na taa ya mezani nyuma yake, na ukuta wa mbele hauna kivuli. Miaka yote alikuwa ameliona hilo, na kama mtu wa fani alijisifu kwa jinsi alivyoiweka ile taa. Alijionea aibu.

Kivuli kiliingia kwenye nyumba ya mawe mwisho wa njia. Mwenye nyumba, mwanamke mtengeneza mvinyo mwenye vidole vilivyoingia rangi ya zambarau, alitoka na kitambaa begani.

"Karibuni. Nilijua mko nyuma, maana yeye kashaingia. Dada, wewe ndiye unayekaa na yule mwingine?"

"Ndiyo mimi," alisema mke.

"Pole. Anaonekana anakula sana."

Waliketi jikoni, kati ya mapipa matupu. Mwenye nyumba alimimina mvinyo kwenye glasi tatu, na ya nne akaiweka chini, karibu na ukuta ambao chokaa yake ilikuwa imechakaa mahali pamoja, kwenye kimo cha bega la mume. Kivuli kilikuwa kimeegemea hapo.

"Kinafanya nini hapa?" mke aliuliza.

"Hafanyi chochote. Mimi napika, nasimulia mambo yangu ya kutwa, yeye anasikiliza."

"Anasikiliza?"

"Hadi mwisho. Nikisahau nilipoishia, ananionyesha kwa kidole kitu nilichokuwa nakitaja."

Mke alishikwa na wivu. Angekuta busu, angejua la kufanya. Angevunja hata sahani. Alimgeukia mume.

"Unanitazama nini?" alisema mume. "Nimekukosea nini mimi? Kuna jioni hata moja sikuwepo nyumbani?"

Haikuwepo hata moja.

"Naweza kuongea nacho?" alimuuliza mwenye nyumba.

"Ongea tu, si mume wako?"

Mke alisogeza kiti mbele ya ukuta. Alikieleza kivuli juu ya studio, juu ya mgongo unaomuuma kwa kuinama, juu ya binti yao na jinsi chumba chake kinavyonuka sabuni bado. Kivuli kiligeuza kichwa na kumwelekea. Hakikutikisika. Alipolia, kilishusha mabega. Alikuwa hajasikilizwa hivyo tangu uchumba, na alikipenda, na kilimuuma.

"Sasa twende nyumbani," alikiambia.

Kivuli kilimsikiliza hilo nalo hadi mwisho. Kisha kikarudisha bega lake pale kwenye chokaa iliyochakaa.

Mume alisifu mvinyo, akanunua chupa, akafunga mkanda. Waliendelea na safari yao kama walivyopanga, wakaonja kwingine, wakarudi. Mpakani afisa alichungulia sakafu, akagonga mihuri kwa adabu.

Muda wa pasipoti ulipokwisha, mume alikaa tena kwenye kigoda cha studio. Mke aliwasha taa moja tu, ile mbovu ya pembeni, inayomtia kivuli hata mtoto mchanga. Alisubiri kwa muda mrefu, kidole kikiwa kwenye kamera. Ukuta ulibaki mweupe.

"Tayari?" aliuliza mume.

"Tayari," alisema mke, akapiga.

Alipokuwa anaikata picha kwa mkasi, alianza kumsimulia juu ya mteja wa asubuhi aliyekataa kuvua miwani.

"Mm," alisema mume.