Taa ya Kijani ya Fundi Leodgar

Leodgar alikuwa fundi kompyuta wa mtaa wa Majengo, na kilichomchosha kuliko vumbi la Mpanda ni simu za manesi. Zahanati za vijijini zilikuwa zimeletewa kompyuta kuukuu, yeye akaziwekea Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, kwa kuwa ni ya bure, nyepesi, na haishikwi na virusi hovyo. Manesi waliozoea simu za mkononi walifungua sehemu ya mtandao wakakutana na maswali ya kutoa jasho: muunganisho wa aina gani, anwani ya kudumu au ya kupewa, ufunguo wa usalama ni upi. Wakawa wanampigia yeye. Akikata huyu, anaingia yule. Na kilichowatia kiwewe zaidi ni alama ndogo ya njano ya kuuliza, iliyojitokeza pembeni ya skrini kila mtandao ulipokatika.

"Fundi, imeweka kiulizo. Tumeharibu?"

"Hamjaharibu, mama. Subirini."

Siku yalipomfika shingoni, akakaa akaandika programu yake mwenyewe. Maswali yote akayaficha. Akabakiza kitufe kimoja kikubwa, UNGANISHA, na juu yake taa ya kijani. Kile kiulizo cha njano akakizima kabisa ili asisumbuliwe tena. Simu zikakoma. Nesi mmoja akamletea jogoo wa shukrani, naye Leodgar akawa anatembea mjini kifua mbele. Tusimnyime haki yake, kazi ilikuwa nzuri. Ila taa ile iliwaka kijani pale tu kompyuta iliposhika ruta, kile kisanduku chenye laini ya simu kinachovuta mtandao. Ruta yenyewe kama imefika mtandaoni au haijafika, taa haikujali. Leodgar alilijua hilo tangu mwanzo, akasema atalirekebisha akipata nafasi, na nafasi ya mtu anayesifiwa haipatikani upesi.

Asubuhi moja alikwenda kwenye zahanati ndogo ya njia ya Kabungu kubadilisha kibodi iliyomwagikiwa chai. Nesi Odeta alimpokea kwa furaha. Fundi alipokuwa anafungua begi lake, akaingia mama mmoja mkulima, Katarina, kanga imelowa umande hadi magotini.

"Nesi, ya Evaline bado?"

Odeta akageukia skrini. "Bado, mama Evaline. Taa ni ya kijani, mtandao upo, ila majibu mapya hakuna. Na maabara ya mjini walishatuambia tusiwapigie, yakitoka tutayaona humu."

"Leo uji ameukataa. Ananiangalia kama hanijui, na shingo imekaza."

"Mlete basi tumwone."

"Nimemwacha na bibi yake. Baba yake ameenda kutafuta baiskeli ya kumbebea." Akatoka mbio.

Odeta akamweleza fundi kwamba mtoto huyo alikohoa mpaka akabaki mifupa, makohozi yakapelekwa maabara mjini, na daktari alisema dawa za kifua kikuu zisianzwe kabla ya majibu. Leodgar hakuwa anasikiliza tena vizuri. Alikuwa anaitazama ile taa ya kijani.

"Dada Odeta, majibu ya mtu yeyote yaliingia lini mara ya mwisho?"

Odeta akafikiri. "Kabla ya ile mvua iliyoezua shule. Tulisema labda maabara wamezidiwa."

Leodgar akaishika ruta, akaikagua. Laini yake ilikuwa imefungiwa zamani, usajili haukuhakikiwa, maana mtumishi aliyeisajili kwa jina lake alishahamishwa kituo. Ruta ilikaa pale ikiwaka taa zake bure, kompyuta ikaishika, na programu yake ikawa inamwambia Odeta kila asubuhi kwamba mambo ni shwari. Akaiunganisha kompyuta na simu yake mwenyewe. Majibu yakaanza kuteremka, ya wagonjwa wengi, mengine ya waliokwishapona. La Evaline lilikuwa la chini kabisa, la siku nyingi kuliko yote: ana kifua kikuu, aanze dawa mara moja.

Odeta alilisoma akashika mdomo. Kisha akachukua boksi la dawa, wakapanda pikipiki ya Leodgar. Njia ilikuwa na matope, wakaanguka mara moja, wakainuka wakaendelea. Leodgar aliomba njia nzima, yeye ambaye kanisani alikuwa anaonekana Krismasi tu.

Nje ya nyumba baiskeli ilikuwa imeegeshwa, mto umefungwa kwenye keria. Hakuna aliyekuwa anaiangalia. Ndani, Katarina alikuwa mkekani, mtoto mapajani. Odeta akapiga magoti, akaweka vidole shingoni kwa Evaline, akavihamisha, akaviweka tena. Halafu akaurudisha mkono wake.

Katarina aliliona boksi. "Majibu yametoka?"

"Yametoka, mama Evaline."

"Yametoka lini?"

Odeta akamtazama Leodgar. Nyumba nzima ikamtazama yeye, mgeni mwenye suruali ya matope.

"Leo," Leodgar akasema. "Yametoka leo hii."

Katarina akatikisa kichwa taratibu, mkono wake ukiendelea kumpapasa mtoto mgongoni.

"Basi Mungu awabariki," akasema. "Mmewahi kuja. Mmeanguka na njiani, naona. Mama, watafutie maji ya kunawa."

Bibi akaleta maji kwenye bakuli, akainama kumnawisha fundi mikono, na Leodgar akaitoa mikono yake ikanawishwa.