Unyoya wa Bi Mwanakheir

Mimi nina haraka, nimezaliwa nayo. Mwaka 1969 ofisi yetu ya wanyamapori ilinituma Makunduchi kuhakiki habari ya Bi Mwanakheir, msuka mikeka, kwamba ameona shorobo: ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu, ambaye Unguja hajaonekana kwa miaka. Ikithibitika, kichaka alimomwona kitaachwa. Isipothibitika, Jumatatu kinafyekwa, kiwe shamba la serikali.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Sikukaa. Nilikizunguka kichaka saa mbili nzima, nikaambulia kunguru. Niliporudi akanipa unyoya mwekundu alioukota huko. Nikamtazama vidole: navyo vyekundu, kwa rangi anayotia ukindu wa mikeka. Na ukindu wenyewe anaukata kichakani humo humo. Nikajisemea, mama huyu ananifanya mjinga.

Nikaomba bakuli la maji na sabuni, nikausugua unyoya. Maji yakawa mekundu.

"Bi, umeutia rangi."

"Sikuutia."

"Na maji haya?"

Akayatazama. "Rangi yangu mimi naichemsha, haitoki. Mikeka yangu watu wanaifua miaka. Hii sijui imetoka wapi."

Nikaandika kwenye fomu: si kweli. Nikatia unyoya mfukoni, nikawahi gari ya mjini.

Lakini maneno yake yakanikera njia nzima. Rangi yangu haitoki. Ilikuwa Ijumaa jioni; Jumamosi na Jumapili ofisi imefungwa. Jumatatu, ofisi ilipofunguliwa tu, nikaenda kwenye kabati la ndege waliokaushwa. Alikuwamo shorobo mmoja, wa tangu sijazaliwa. Nikamng'oa unyoya wa bawa, nikausugua kwa sabuni.

Maji yakawa mekundu. Ndivyo alivyo ndege huyu, rangi yake huyeyuka kwa sabuni, na mimi mtaalamu sikulijua hilo.

Nikakimbia mpaka Darajani, kituo cha magari. Gari ilisubiri ijae, nikamgombeza dereva bure. Nilipofika Makunduchi watu wa mapanga walikuwa wameshamaliza, wanakunywa maji kivulini mwa ukuta. Pale palipokuwa na kichaka niliona mpaka upande wa pili.

Bi Mwanakheir alikuwa barazani kwake, mikono mitupu. Nikamrudishia unyoya wake, umepauka.

"Ulisema kweli, Bi."

"Nnajua," akasema. "Mimi nlimwona. Wewe ndiye uliyetumwa kujua."