Namba Iliyofutwa Ijumaa

Mimi sipendi maswali nikiwa kazini, na sipendi mtu anayeniambia "lakini". Nawaambia mapema ili mnijue. Reli ya Kisumu ilinifundisha ufundi wa vyuma kwa miaka kumi na mmoja, ikashindwa kunifundisha upole. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, "Abner, ulimi huo utakufikisha pabaya." Haya, ulinifikisha.

Mwaka wa 1972 nilikuwa fundi mkuu katika karakana ya Dahir, nyuma ya soko la Kisii mjini. Mashine ya kusaga krenki tuliishika watu wawili: mimi Msabato, na Shueib, mpwa wa Dahir, mwanamume mwenye mke na watoto wawili, mtaratibu wa maneno. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Singemwambia hivyo hata kwa kupigwa.

Siku moja akaja Dada Drusilla, mjane wa kanisani kwetu Manga, na pikapu kuukuu ya marehemu mumewe. Chama cha maziwa kilikuwa kinatafuta gari la kupandisha maziwa mlimani. Sharti lilikuwa moja: Jumatatu gari lipande Manga na mitungi kumi na minne iliyojaa, bila kushusha hata mmoja. Pikapu ya Drusilla ilikuwa inakata roho na minane.

"Nikikosa kazi hii, Onsongo anaiuza," aliniambia. Onsongo alikuwa shemeji yake. "Amekwisha kuniambia. Ndicho kitu pekee mume wangu alichoniachia kinachotembea."

Injini kubwa haikupatikana. Nikamwambia, "Basi tutaikuza hii hii."

Na inawezekana, msidhani najisifu. Krenki ni kile chuma kinachopandisha pistoni na kuzishusha. Ina shingo nne zinazoshikwa na konrodi, vile vyuma vinavyoziunganisha na pistoni. Ukizisaga shingo hizo upande mmoja zaidi, kitovu cha kila moja kinasogea nje, pistoni inasafiri mbali zaidi, inavuta hewa na petroli nyingi zaidi, na injini ile ile inapata nguvu ambayo haikuzaliwa nayo. Hatari ni moja. Ukisogeza kupita kiasi, pistoni inapanda mpaka inagonga hedi, ule mfuniko wa chuma ulio juu yake.

Nilipiga hesabu siku mbili. Tulihesabu kwa sehemu za elfu za inchi. Unene wa shingo upungue mia moja na sitini, ili zikubali konrodi ndogo nilizozipata. Kwa desturi fundi hugawa kwa mbili, akasogeza kitovu themanini. Mimi nilichagua sitini tu, kwa sababu juu ya pistoni hapakuwa na nafasi. Nikachukua kipande cha jiwe la sabuni la Tabaka, lile laini linaloandika kama chaki, nikaandika 60 kubwa, nyeupe, kwenye kitanda cha mashine, ule msingi wake wa chuma. Krenki ilikuwa moja tu. Ya pili hatukuwa nayo.

Ijumaa tukaanza kusaga. Saa sita Shueib akaenda msikitini, akarudi saa nane, na mimi nikanuna mchana kutwa kana kwamba swala ile aliiswali kwa kunikomoa. Jua lilipoelekea kuzama, shingo mbili tu ndizo zilizokuwa tayari.

Kwetu Wasabato Ijumaa ni siku ya maandalizi. Jua likizama uwe umepika, umeoga, viatu vimepigwa rangi. Mimi niliongeza na mashine. Kila Ijumaa jioni niliipangusa yote kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka ing'ae, niingie Sabato bila uchafu wa wiki nyuma yangu. Nikafanya hivyo. Nikafungia kabatini vipimo vyangu, pamoja na kile pekee cha kupimia kitovu, ufunguo nikautia mfukoni.

"Mbili zilizobaki ni zako kesho," nikamwambia Shueib nikiwa mlangoni. "Namba iko pale."

Nikaenda zangu.

Jumamosi nilikuwa nafundisha somo kanisani Manga. Somo lilihusu mtu ambaye ng'ombe wake ametumbukia kisimani siku ya Sabato. Je, atamwacha? Darasa zima likasema hapana, atamtoa, na mimi nikawasifu sana. Hapo nikamwona Shueib mlangoni, suruali imejaa vumbi. Alikuwa ameupanda mlima wote ule akisukuma baiskeli.

Nikatoka. "Nini?"

"Samahani, Mzee Abner. Neno moja tu. Ile namba..."

"Leo ni Sabato. Jana ulipokwenda kuswali, nilikufuata msikitini?"

"Hapana, Mzee. Lakini kesho ndiyo siku ya kufunga injini, na vipimo umevi..."

"Lakini, lakini! Wewe si fundi? Tumia akili uliyopewa."

Akanitazama kidogo, akageuza baiskeli. Mimi nikarudi ndani kwa ng'ombe wangu wa kisimani.

Jumapili nikakuta kazi imekwisha, shingo zinang'aa. Shueib akafungua mdomo, nikamwambia ashike spana aache hadithi. Tukafunga injini. Nikaizungusha kwa mkono, ikazunguka vizuri. Sikupima. Fundi wa miaka yote hiyo, na sikupima!

Jumatatu barabara ya Manga ilijaa watu. Chini ya mlima mitungi kumi na minne ikapakiwa, Drusilla akashika usukani, mimi na Shueib tukapanda nyuma. Jamani, ile pikapu ilipanda! Ilipita pale ilipozoea kufia, ikapita mwamba, ikakaribia kona ya mwisho. Niliona mabega ya Drusilla yakitikisika, nikajua analia kwa furaha. Nami nikapiga kelele.

Ndipo ikaanza. Ka, ka, ka. Halafu mlio mmoja mkubwa, na kimya.

Nilifungua hedi pale pale barabarani, watu wamenizunguka. Pistoni ya pili na ya tatu zilikuwa zimepasuka, na hedi ina alama mahali zilipogonga, vyuma vilipopata moto na kurefuka. Hizo ndizo zilizoshikwa na shingo za Shueib.

Basi nikalipuka. "Ulisogeza ngapi?"

"Themanini. Nilipima unene uliotoka kwa kipimo changu kidogo, nikagawa kwa mbili."

"Nilikuandikia sitini! Sitini! Huna macho? Umemwua huyu mama mchana kweupe!" Niliyasema na mengine, sitayarudia. Hakuna aliyemtetea.

"Hapakuwa na namba, Mzee," alisema taratibu. "Mashine ilikuwa safi."

"Mwongo!"

Onsongo alikuwa amekwisha kusema kwa sauti kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja Alhamisi. Drusilla alishuka kwenye gari, akasimama mbele yangu. Machozi yalikuwa yamekauka usoni.

"Mzee Abner," akasema. "Jumamosi nilikaa benchi la nyuma. Huyu alikuja mlangoni ukamfukuza. Alikuwa anataka nini?"

Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi. Nikatia mkono mfukoni mwa ovaroli nijifute, nipate pa kutazama. Nikatoa kitambaa cha Ijumaa. Kilikuwa cheusi kote, ila pembeni kulikuwa na weupe, unga mkavu wa jiwe la Tabaka. Nyani haoni kundule, nami nilikuwa nimetembea na langu mfukoni siku tatu.

Ningeweza kukirudisha. Niliwaza hivyo, siwafichi.

"Alikuwa anataka namba," nikasema. "Niliifuta mimi."

Onsongo akacheka kidogo, akaacha. Nilingoja Shueib anitukane, ningeshukuru. Hakunitazama. Alizunguka nyuma ya pikapu, akashusha mtungi wa kwanza, akaushika mpini mmoja. Drusilla akashika mpini wa pili, na wakaanza kuupandisha mlima kwa miguu.