Laini ya Kiume

Brynn na Dess waliisubiri kazi ya mbelewele tangu wana miaka saba. Huku Nebraska mtoto ni mtoto tu mpaka Julai ile atakayoingia shambani kung'oa mbelewele, yale maua ya kileleni mwa mahindi, arudi na mikono imechanikachanika, na watu wamuulize leo mmemaliza ekari ngapi. Wale wawili walikuwa wakijifunzia nyuma ya nyumba ya akina Dess, kwenye mahindi ya bustani, mpaka mama yake Dess akawatimua kwa ufagio.

Sasa wana miaka kumi na mitatu, na basi la shule linawachukua saa kumi na moja alfajiri.

Kazi yenyewe haina maajabu. Shamba la mbegu linapandwa laini nne za kike, halafu moja ya kiume, halafu nne tena. Za kike unang'oa mbelewele zote. Ya kiume huigusi hata kwa kidole, maana hiyo ndiyo inayozipa nyingine chavua. Ukiing'oa, zile za pembeni yake zitabeba magunzi yenye mapengo. Kwa hiyo ukifika mwisho wa laini na kugeuza, unahesabu kwanza ndio uingie. Hilo hata watoto wadogo wanalijua.

Dess alikaa kiti cha mbele, nyuma ya dereva, na kila asubuhi alimwekea Brynn nafasi. Kila mtu alivaa mfuko wa taka mweusi juu ya nguo ili umande usimloweshe. Wa Dess ulikuwa umechorwa nyota kwa rangi nyeupe. Tena alikuwa akiwapa panzi majina. Kulikuwa na Bwana Gilbert, na Shangazi Opal, na mmoja alimwita Mchungaji kwa sababu alikunja miguu kama anayesali. Mwaka jana Brynn angecheka mpaka alie. Mwaka huu kabla ya kucheka aligeuka kwanza, aone nyuma ya basi nani kasikia.

Nyuma ya basi alikaa Maren. Maren alikuwa na miaka kumi na minne, ana kaka anayeendesha gari, na hakuhitaji kupaza sauti ili watu wanyamaze. Wiki ya pili alimwita Brynn. "We, njoo huku bwana. Utalea huyo mtoto mpaka lini?"

Brynn alimdanganya Dess kwamba kiti cha mbele kinamtia kichefuchefu. Dess akamwonea huruma, akampa pipi ya mnanaa aende nayo.

Alhamisi kulikuwa na ukungu. Bi. Lorna, mwalimu wao wa hesabu ambaye kila kiangazi ndiye anayesimamia kundi, aliwaambia wajipange wawili wawili kama kawaida. Maren akamwambia Brynn waende pamoja, na Brynn akaenda, Dess akabaki kufanya peke yake. Walipofika mwisho wa laini na kugeuza, Maren alikuwa anauliza kama Jumamosi Brynn atakuja nao kuogelea. Brynn alikuwa anatafuta namna ya kukubali bila kuonekana kwamba amefurahi sana. Akaingia bila kuhesabu.

Alitembea laini nzima, karibu nusu kilomita, anang'oa na kutupa, anang'oa na kutupa. Ukungu ulipoanza kuachia ndipo alipoinua macho. Upande wa Maren mbelewele hakuna. Upande wa pili, kwa Dess, hakuna. Na kwake hakuna. Akahesabu kwa kidole, akarudia. Alikuwa ameing'oa ya kiume.

Maren alimwona anahesabu, akaelewa. "Nyamaza tu," akasema. "Nani atajua?"

Bi. Lorna alijua. Saa nne alipanda juu ya boneti ya gari lake, akaliangalia shamba, akaona pale palipotakiwa kuwa na mstari wa njano hakuna kitu. Akawaita wote barabarani. Akauliza nani alikuwa kwenye laini ile.

"Si Dess huyo, Ticha," Maren akasema. "Alikuwa peke yake, anapiga stori na panzi."

Watu wakacheka. Dess hata hakukasirika. "Mimi nilikuwa laini inayofuata, Ticha. Muulize Brynn, Brynn aliniona." Alisema bila wasiwasi kabisa, huku anavua glovu zake.

Bi. Lorna akamgeukia Brynn. Wote wakamgeukia.

"Sikuangalia, Ticha," Brynn akasema.

Yalitoka mepesi, maneno mawili tu. Dess alimtazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Alikuwa anangoja. Alidhani Brynn hajamaliza, kwamba kuna maneno mengine yanakuja. Alingoja hivyohivyo mpaka Bi. Lorna alipomshika bega, akamwambia kwa upole kwamba sheria ya mwenye shamba anaijua, aliyeng'oa laini ya kiume harudi. Dess akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, kando ya barabara, mpaka mama yake alipokuja kumchukua.

Wakati wa kurudi Brynn alikaa kiti cha nyuma kabisa, dirishani. Maren alimmiminia mbegu za alizeti kiganjani. Wenzake walipocheka naye alicheka. Jumamosi walienda kuogelea, na pale bwawani Maren akaigiza sauti ya Dess anavyoongea na panzi. Majina ya panzi aliyabuni tu, hata moja halikuwa lenyewe. Brynn aliyajua ya kweli yote. Akasema kichwa kinamuuma, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda kwa Bi. Lorna, akamkuta barazani anamenya njegere. Akasema yote. Bi. Lorna alimsikiliza mpaka mwisho, hakufoka. Akamwambia kesho basi halitasimama kwa akina Brynn, na kwamba yeye mwenyewe atampigia Dess simu arudi kazini. "Kwangu umeshasema," akamalizia. "Huko kwingine siwezi kukusemea."

Kutoka hapo Brynn akaenda kwa akina Dess. Dess alikuja mlangoni ila mlango wa wavu hakuufungua. Brynn akaanza kueleza, akachanganya, akaanza tena.

"Nilijua siku ileile," Dess akamkatiza. "Nilihesabu laini kichwani, nikiwa namsubiri mama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Si nilisema muulize Brynn?"

Brynn alilia. Dess alimwangalia tu, mikono nyuma, kama anavyomwangalia mtoto wa jirani aliyeanguka na baiskeli. Akamwambia Ticha ameshapiga simu, na yeye Dess amemjibu kwamba hatarudi tena shambani.

"Lakini Dess, tumeisubiri miaka sita."

"Mimi nilikuwa naisubiri na wewe," Dess akasema. Hakupaza sauti.

Kutoka jikoni mama yake akauliza nani huyo, mbona hamkaribishi ndani, chakula kipo.

"Ni Brynn, mama," Dess akajibu. "Anaondoka."

Ikabidi aondoke.